Sauti Ndani ya Dari

Kyakimwa alikuwa msafishaji wa shule moja ya msingi huko Granville, ughaibuni, na asikudanganye mtu, kazi yake aliijua. Alijua darasa lipi hutapakaa gundi na lipi hunuka maganda ya ndizi yaliyosahauliwa kwenye madawati. Watoto wakishaondoka saa tisa, alianza na vyoo, akamalizia na maktaba, ambako binti yake Falone, wa miaka saba, alizoea kumngoja akichora.

Alasiri moja ya Julai, jua la baridi likiaga mapema, aliingia maktaba akakuta kalamu za rangi mezani na kiti kitupu.

Mwanzoni alikasirika tu, akawa anapanga maneno ya kumkemea. Nusu saa ilipopita, hasira ilikwisha, ikabaki hofu. Miss Haddad, mwalimu wa zamu, alikuwa amezunguka uwanja, vyoo na ukumbi akiita. Geti lilifungwa kitambo, alisema, mtoto hawezi kuwa ametoka. Ila alilisema kama mtu anayejiliwaza. Kisha akampeleka Kyakimwa ofisini, akamshikisha maikrofoni ya matangazo. Mtoto ataisikia sauti ya mamake, atajitokeza.

"Falone, njoo kwa mama."

Aliita mara tatu. Sauti ilitoka kwenye dari za madarasa yote kwa mpigo, madarasa yasiyo na mtu, ikaenda hadi mwisho wa korido na kurudi imechelewa kidogo, nzito kuliko ilivyotoka. Ungedhani kuna mwanamke mwingine kule ndani, naye anamtafuta Falone. Kyakimwa hakuipenda sauti ile. Yeye mwenyewe asingeiitika.

Hapo ndipo alipokumbuka.

Kule kwao, karibu na Beni, kaka yake aliitwa jina lake nje ya mlango, kwa sauti ya jirani anayemfahamu. Akaitika, akafungua, na huo ukawa mwisho wake. Ndiyo maana Falone alifundishwa hata kabla ya kujua kufunga viatu: ukiitwa na mtu usiyemwona uso, nyamaza. Ukisikia ni mimi, nyamaza zaidi. Nyumbani walilifanyia mazoezi. Mama aliita kutoka jikoni, mtoto akajibana kabatini bila hata kukohoa, na akishinda alipewa biskuti.

Kyakimwa akaweka maikrofoni chini. Alimsihi Miss Haddad asiite tena, asiite kabisa. Mwalimu alimtazama kwa mashaka, lakini alinyamaza.

Akachukua funguo zake, akaenda peke yake. Kila mlango aliufungua, akawasha taa, akasimama kizingitini uso ukionekana vizuri, asiseme neno. Alitamani kupiga kelele. Shule ilikuwa kimya mno, kimya cha mtu anayezuia pumzi, na viatu vyake vya mpira vililia sakafuni kila hatua.

Nyuma ya ukumbi palikuwa na stoo ya mipira, yenye mlango unaojifunga wenyewe ukiuachia, na aliye ndani hawezi kuufungua bila ufunguo. Miss Haddad alikuwa amegonga pale mara mbili, akaita, asijibiwe, akapita. Kyakimwa alitia ufunguo.

Ndani palikuwa giza na harufu ya mpira. Alipowasha taa, aliona macho mawili nyuma ya magodoro ya mazoezi, yamemkazia bila kupepesa. Falone hakuinuka. Alingoja mpaka mama akapiga magoti mbele yake, ndipo akanyoosha mkono, akampapasa shavu, kidevu, na kovu la juu ya jicho, taratibu, sehemu moja baada ya nyingine.

Miaka miwili sasa mtoto huyu alikuwa akijibu Kiingereza kila akisemeshwa Kiswahili. Safari hii alinong'ona kwa lugha ya mamake.

"Ile kitu ilikuwa na sauti yako, Mama. Iliniita mara tatu. Sikuitika."

Kisha akakunjua kiganja, akakinyoosha, akingoja biskuti yake.