Nilimpasua Sikio Shemeji kwa Ajili ya Santuri

Wasomaji wenzangu, mwenye makosa ni mimi. Msinitafutie sababu! Nilimpiga kaka wa mke wangu mpaka sikio likatoa damu, na alikuwa amesema kweli.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza santuri za soul, muziki wa Wamarekani weusi, nikiwa bado nachumbia kwao Ilemela. Mimi nikapitiliza. Nikatoa ng'ombe dume mzima kwa mchuuzi ili nipate santuri moja adimu ya Marekani. Soko huria lilikuwa limetujazia betri bandia na viatu bandia, lakini mimi, jamani, nilijiona mjanja!

Jumapili moja nikaalika watu kwangu Buhongwa waje waione. Shemeji akaja na yake, wimbo uleule. Akaziweka pamoja, akatabasamu.

"Shemeji, usikasirike. Yako imenakiliwa. Ona maandishi ya katikati yalivyofifia."

"Yako je? Namba zake zimekwaruzwa kwa msumari!"

"Ndizo zenyewe hizo. Kiwanda kile walikuwa wanachora namba kwa mkono."

Wageni wakacheka. Hapo shetani akanipanda! Nilimzaba kofi la sikio, akayumba. Nikamzaba jingine palepale. Alipoanguka nikampiga mateke ya mbavu, kisha nikaichukua santuri yake nikaipigiza kwenye jiwe mpaka ikawa vipande. Mke wangu alipokuja kuamua, nikamsukuma naye akaanguka. Ee Mungu wangu!

Mke akarudi kwao. Mimi nikakusanya vile vipande ili niwaonyeshe watu uongo wa shemeji. Nikavipeleka, pamoja na santuri yangu, kwa mzee mmoja aliyetunza santuri za redio kwa miaka mingi.

Yangu aliitazama mara moja akaiweka kando. Vipande alivipanga mezani, kimoja kimoja.

"Hii ndiyo halisi," akasema. "Nani kaivunja?"

Nilitoka nje nikalia!

Nilikwenda Ilemela kuomba radhi. Shemeji akanipokea, akanivutia kiti.

"Kaa upande huu, shemeji. Huku sisikii tena."

Santuri zake alishazigawa zote. Mke wangu hakutoka ndani kunisalimia, na mpaka leo hajarudi.

Nyie mnaokusanya, nawasihi! Mtu akikwambia yako ni bandia, weka mikono mfukoni, uiangalie upya. Santuri nyingine unaweza kuipata. Mimi sikio la shemeji nitalitoa wapi?