Mvua ya Mlimani, Mto wa Korbesa

Nakumbuka, mwanangu, siku mto ulipotujia Korbesa jua likiwaka na mbingu nyeupe. Mpaka leo nikiisimulia siwezi kukaa kitako!

Ilikuwa kiangazi cha katikati ya mwaka. Mto wetu, Ewaso, wote ulikuwa mchanga mtupu. Baba alikuwa ndani ya kisima tulichochimba katikati ya mto, akinipitishia ndoo za kunyweshea mbuzi. Asubuhi hiyo wazee walikuwa wamechinja mbuzi na kusoma matumbo yake, kama ilivyo desturi yetu Waborana, na matumbo yalisema hakuna mvua. Baba basi alikuwa akiimba tu.

Akapita mchuuzi wa mifugo kutoka Burat, upande wa Isiolo. Nyanya, tuliyemwita Akko, akamuuliza habari za huko, maana kwetu mgeni haondoki na habari zake.

"Huko Burat ni baridi tu, Akko. Upepo inatoka magharibi, na mlima imejifunika mawingu, hatujaiona siku mingi."

Akko akaruka kama msichana. "Guyo! Toka kisimani!"

"Mama, si matumbo imesema hakuna mvua?"

"Huyo mbuzi alikula nyasi ya hapa, anajua mvua ya hapa! Kwani mto imezaliwa hapa? Imezaliwa mlimani! Toka!"

Baba akatoka akinung'unika. Tulikuwa tukiwasukuma mbuzi wa mwisho ukingoni tuliposikia mngurumo, nao haukutoka angani. Yakaja maji mekundu na magogo, yakameza kisima, ndoo na kamba. Baba akaishika miguu ya mama yake, akicheka huku analia. Mimi nilicheza ngoma peke yangu, wallahi!

Juzi redioni mtaalamu wa hali ya hewa alieleza kwamba mvua ya mlimani ya miezi ile mara nyingi huletwa na upepo uliovuka misitu ya Kongo, na kwamba bahari za mbali zikipata joto, pepo hubadili njia. Nilipiga makofi! Kumbe mvua yetu inatoka mbali kuliko hata Akko alivyojua.

Wanasema dalili ya mvua ni mawingu. Kweli, mwanangu, ila hawakusema mawingu ya wapi. Kabla hujashuka mtoni kuchimba, uliza mlimani kukoje. Simu unayo, na kuuliza si ujinga.

Mungu akunyeshee malishoni kwako, na asikukoseshe mgeni wa kukupa habari za mvua ya wengine. Nagaa, mwanangu, uwe na amani.