Vifaranga vya Mbok Sarinten

Tone la nta likidondokea kwenye batiki, ndiyo basi tena, halifutiki. Sisi wachoraji wengine hutukana. Jirani yangu, Mbok Sarinten, alikuwa akilichorea mdomo na miguu likawa kifaranga, kisha anacheka peke yake. Siku hizi mkono wake unatetemeka, na matone yanadondoka ovyo.

"Mama, hiki kitambaa cha harusi au banda la kuku?" binti yake, Wuryani, alimtania jana.

"Nyamaza wewe! Nishikie mkono, huyu hana miguu."

Wuryani akaushika kwa mikono miwili. Kalamu ya nta ikateleza, tone jingine likadondoka kando.

Mbok Sarinten akaweka kalamu chini.

"Basi, waache hivyo hivyo bila miguu. Angalau sasa wako wawili."