Shahidi wa Pili

Mwaka ule wa tisini na tatu nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sikuweza kukaa. Naanza kushona, naacha. Naosha vyombo ambavyo tayari ni safi. Natoka hadi barabarani, naangalia upande wa msikitini, narudi, mama ananiuliza nimepoteza nini. Tulikuwa tunaishi Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, ambako kuku wa jirani akitaga mtaa mzima unajua. Mama, mjane, alishona nguo za wanawake barazani na mimi nikimsaidia. Wanaume wawili walikuwa wananitaka. Sijifanyi kwamba jambo hilo lilinisikitisha. Mwanzoni lilinifurahisha sana.

Wa kwanza alikuwa fundi wa redio. Alikuwa na kibanda cha mbao karibu na msikiti, na kwa kuwa nchi ilikuwa vitani kila mtu alitaka redio yake ipone haraka. Nusu ya redio hizo alizitengeneza bure, akisema mtu hanyimwi habari. Nilimpenda kijinga kabisa: niliivunja antena ya redio yetu mara mbili, makusudi, nipate sababu ya kwenda. Aliniomba nimsubiri mwaka mmoja apate mahari na chumba kisichovuja. Nikakubali. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa na haki ya kunioza baada ya baba kufariki, hakuwa na habari. Mama alikuwa nayo.

Wa pili tulimwita Hajji. Alikuwa na malori, na tangu vita vifunge barabara ya kaskazini alipitishia mizigo yake Tanzania. Alikuwa na umri wa baba yangu, amefiwa na mke, mpole wa sauti, mwenye nyumba Kiyovu, mtaa wa matajiri, aliyowapangisha Wazungu, na nyingine Mwanza. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia. Alikuwa akija na sukari na sabuni wakati vitu hivyo havishikiki kwa bei, anaviacha mlangoni bila kuvitaja. Kisha akamtuma mjumbe kwa baba mdogo: anataka kunioa, na akishanioa atatuhamishia Mwanza, mimi na mama.

Siku hiyo mama hakugusa cherehani.

"Mwana wanjye," aliniambia, akichanganya Kinyarwanda na Kiswahili kama kawaida yake, "Hajji iko na rori tatu. Iko na nyumba Mwanza. Ule fundi yako iko na nini? Iko na waya!"

"Namupenda, mama."

"Mapendo ni muzuri. Bomu ikianguka hapa kwa baraza, utaikinga na mapendo?"

Mabomu ya mkono yalikuwa yanatupwa sokoni na kwenye vituo vya mabasi, na siku moja mama alirudi nyumbani na kiatu kimoja, hakutaka kusema kingine kilibaki wapi. Nilimkasirikia hata hivyo. Nilimkasirikia kwa sababu alisema kweli.

Nikamwendea fundi, nikamwambia apeleke posa leo leo. Alikuwa ameinamia redio iliyofunguliwa mgongo.

"Na Mwanza nitakupeleka na nini, sha?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Weye amua. Siwezi kukushika kwa muji huu."

Nilimwita mwoga na mengine ambayo siyaandiki, nikaondoka. Nilitaka anishike. Nilitaka mtu apige meza aseme, huyu wangu. Baba mdogo akaipokea posa ya Hajji, nami nikajiambia: sawa, lakini kuna kuulizwa.

Kwetu, kabla shehe hajafungisha ndoa, mashahidi wawili huja hadi mlangoni mwa chumba alimo bibi harusi, wakamwuliza mara tatu kama anamkubali mtu huyo. Akikataa, ndoa hakuna. Akinyamaza, amekubali, maana msichana huona haya. Wote niliowajua walinyamaza, huo ndio ulikuwa uungwana. Mimi nilikusudia kusema. Nililifanyia mazoezi neno lenyewe nikimenya viazi: sikubali.

Siku ikafika. Wanaume wako uani chini ya turubai, mimi chumbani nimefunikwa mtandio, mama kushoto, shangazi kulia. Nasimama, shangazi ananivuta nikae. Shahidi mmoja, mzee jirani yetu, mzito wa masikio, amefika. Wa pili, binamu yake Hajji, alikuwa anatoka Kabuga, na habari ikaja kwamba basi lake limesimamishwa na askari na abiria wote wameshushwa. Wageni walitaka kufika makwao kabla ya giza. Baba mdogo akaangaza macho uani akitafuta mtu mzima, mcha Mungu, asiyekosa swala. Akamwona mmoja amechuchumaa pembeni, anaunganisha nyaya za kipaza sauti.

Niliziona kandambili za fundi wangu chini ya pazia. Mama naye aliziona, mkono wake ukaushika wangu.

Mzee alimwachia yeye aulize. Akalitaja jina la Hajji, jina la baba yake Hajji, akataja mahari yote bila kukosea. "Unamukubali?"

"Sikubali," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Amesema?" mzee aliuliza. "Mimi sijasikia kitu."

"Ni mara ya pili," alisema fundi, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika. "Useme kwa nguvu, dada. Shahidi mwenzangu hajasikia. Unamukubali?"

Yeye alikuwa amesikia. Alikuwa ananiomba mbele ya watu wote, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi na mama. Nilichotakiwa ni neno moja tu, kwa sauti niliyoitia kuku kila asubuhi. Nikamgeukia mama. Hakunikonyeza wala kunikataza. Alikuwa anatazama miguu yake tu. Niliwaza nyumba ya Mwanza yenye ukuta. Nitasema yote: niliwaza pia kitenge kipya, na watu wakinisogezea kiti kwa sababu ni mke wa Hajji. Mtu asidhani nilimfikiria mama peke yake.

Akauliza mara ya tatu. Alisubiri mpaka shangazi akaanza kukohoa na huko nje wakaanza kunong'ona. Kisha kandambili zikageuka.

"Amenyamaza," nilimsikia akiwaambia. Vigelegele vikapigwa.

Tulihamia Mwanza mapema mwaka uliofuata, kabla ya mauaji ya Aprili. Mama alizeekea huko. Hajji alinitunza vizuri mpaka alipofariki, na mimi bado siwezi kukaa. Yaliyompata fundi sikuyajua. Kila niliyemwuliza alinipa jibu lake. Wanangu husema niliozwa, eti ndivyo ilivyokuwa zamani, maskini mama, nani angemwuliza. Huwa nawaacha waseme. Lakini niliulizwa mara tatu, na aliyeniuliza alitaka nikatae kuliko mtu mwingine yeyote duniani.