Mkono wa Baba na Nyuzi za Pamba

Nimechoka kuulizwa habari ya mkono wa baba, basi niisimulie mara moja iishe.

Kwetu Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mkono wa salamu hauachiwi upesi. Mtu akikushika anauliza nyumba, watoto, mihogo, na wewe unajibu, mikono bado imeshikana. Baba, mwanajeshi mstaafu, alikuwa bingwa wa salamu hizo. Kisha vifundo vya mikono vikavimba, akaanza kuificha ndani ya mikono ya kanzu. Baada ya swala ya Ijumaa watu walimnyooshea mkono, yeye akaitikia kwa kichwa. Ikasemwa ana majivuno. Ikasemwa ana kinyongo na jirani yetu, rafiki yake tangu jeshini. Rafiki huyo alinyoosha mkono Ijumaa tatu akaurudisha mtupu. Ya nne hakumpitia. Baba akaacha kwenda msikitini kabisa.

Mimi ndiye binti niliyebaki naye, na huruma yangu ilikuwa ndogo, niseme ukweli. Asubuhi shambani Lurujo, jioni jikoni, na katikati namkanda kwa taulo la maji moto. Akijikunja nikimkanda, nilielewa. Kilichonikera ni shuka. Alisema shuka likimgusa vidole linamchoma. Shuka lilelile alilojifunika miaka yote! Nilimwambia, "Baba, hata wajukuu zako hawadeki hivi." Dawa za kwanza alizopewa zahanati zilipopunguza uvimbe na bado akalalamika, nikaona sasa hana hata kisingizio.

Nilimpeleka hospitali Arua kwa sababu ya kuchoka, wala si upendo. Nilitaka daktari amwambie aache kudeka.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Hakumbonyeza popote. Alimwambia afumbe macho, akachomoa nyuzi chache za pamba, akazipitisha juu ya mkono, mbali kidogo na palipovimba. Baba aliuvuta mkono kwa nguvu, na machozi yakamtoka. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku tulipomzika mama.

"Mama, mzee haigizi," daktari aliniambia.

Akaeleza taratibu. Viungo vikivimba muda mrefu, habari ya maumivu hupanda bila kukoma hadi kwenye uti wa mgongo. Humo mna seli za fahamu zinazopokea habari hiyo, na seli nyingine zinazozitunza. Hizo zinazotunza nazo huchokozeka, zikatoa kemikali zinazozichochea zile za fahamu, mpaka mguso mdogo tu unapelekwa kichwani kama kuungua.

"Kwa hiyo ugonjwa uko mkononi au mgongoni?" nikauliza.

"Ulianza mkononi. Sasa uko kote kuwili. Uvimbe unaweza kushuka, na huko mgongoni kelele ikaendelea."

Aliandika dawa nyingine na hakuahidi kitu. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi nimeitamka methali hiyo kwenye misiba ya watu mara ngapi, na nyumbani kwangu sikuikumbuka. Niliona aibu mpaka mwili ukaniuma, kisha nikalala usingizi garini hadi Koboko.

Kesho yake nilimwita yule jirani. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ya pamba na uti wa mgongo, lakini nilipofika kwenye neno "maumivu" alininyamazisha kwa mkono. Aliketi mbele ya baba, akaweka kiganja kifuani mwake mwenyewe, akauliza nyumba, watoto, mihogo. Baba akajibu yote. Wanazungumza Kiswahili cha kambini hadi leo.

"Mkono iko uma namna hii," rafiki yake akasema, "na wewe hapana sema?"

"Mimi nasema," baba akajibu, bila kunitazama. "Kila siku nasema. Hapa nyumbani."

Niliinuka nikaenda kuwachemshia chai.