Meneja Aliyeanza Kuongea Kama Mume Wangu

Kitabu cha mume wangu kilipotea kantini, kazini kwetu. Wiki iliyofuata, meneja akaanza kuongea kama mume wangu.

Sitanii. Maneno yale yale, mpaka ile tabia ya kunyoosha kidole juu akitaja neno "jasho".

Nisikilizeni vizuri, maana sina moyo wa kulisimulia hili mara mbili.

Tulikuwa kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli na hospitali. Mimi nakunja, mume wangu yuko kwenye pasi. Si pasi ya nyumbani, jamani. Ni marola mawili ya moto, marefu kuliko kitanda. Unalisha shuka bichi upande huu, linatoka kavu upande wa pili.

Mbele ya marola kuna fimbo ya chuma. Vidole vikiigusa, mashine inazima.

Shida ni kwamba hata shuka zito likiigusa, mashine inazima pia. Kazi inachelewa. Kwa hiyo msimamizi alikuwa anaifunga ile fimbo kwa kitambaa, isicheze. Na kila asubuhi mume wangu anakifungua.

"Shuka likiungua mtanunua jingine," anamwambia. "Mkono wangu mtaununua duka gani?"

Kazini walimwita Nadharia. Wakati wa chakula alikuwa anatusomea kitabu chake, jalada limeshikiliwa na gundi ya bluu. Kwamba sisi ndio tunaozalisha, faida anachukua mwenye mitambo. Kwamba iko siku mfanyakazi atajiamulia mwenyewe.

Tulikuwa tunamcheka, we acha tu.

"Shemeji, hayo mambo yalishazikwa," dada wa kutoa madoa anamtania. "Siku hizi kila mtu apambane na hali yake!"

"Kama yalizikwa, mbona msimamizi anakuja mbio akituona tumekaa watatu?"

Tunacheka tena. Hata mimi mkewe.

Basi, kitabu kikapotea. Tukatafuta mpaka chini ya mapipa ya sabuni, hakipo.

Wiki iliyofuata meneja akatukusanya uani. Zamani alikuwa anatuita "nyie watu". Siku hiyo akasema, "Ndugu zangu."

Tukatazamana.

"Mali yote hii ni jasho lenu," akasema, kidole juu. "Kuanzia leo hapa hakuna mwajiriwa wala msimamizi. Sote ni washirika. Mtajiamulia wenyewe, kwa kura."

Msimamizi akaondoka kweli, kabeba kikombe chake mkononi.

Mume wangu alilia. Mtu mzima, mbele za watu, machozi yanamtoka. Miaka yote ile ya kuchekwa!

"Umesikia, mama watoto? Umesikia?"

"Nimesikia. Na mitambo je?"

"Itakuja. Kitu kikubwa hakiji chote siku moja."

Zikaletwa karatasi za ushirika, tukatia saini wote. Yeye wa kwanza.

Mshahara ukafa, ukazaliwa mgawo. Mkitoa mashuka mengi mnapata, mkitoa machache mnalala njaa. Bei ya kila shuka walipanga wao wa ofisini, na hawakukawia kuishusha.

Hakuna aliyetusimamia tena. Tukaanza kusimamiana wenyewe. Mtu akienda chooni, macho yote yanamsindikiza. Dada wa madoa alipougua, hakuna aliyempa pole. Tulimnunia kana kwamba ametuibia.

Ndipo kikaitwa kikao. Ajenda ilikuwa moja: ile fimbo inatuchelewesha.

Meneja hakuwepo. Hakuna aliyetuamuru.

"Wanaotaka ifungwe, wanyooshe mikono," mmoja wetu akasema.

Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa mume wangu. Wa kulia.

Nikamkodolea macho. "Wewe?"

"Zamani ilifungwa kwa faida ya tajiri," akanijibu. "Sasa kiwanda ni chetu. Tutakuwa waangalifu."

Akaifunga mwenyewe.

Mkono ulioingia kwenye marola ni ule ule. Nilikuwa upande wa pili, nangoja shuka litoke nilikunje. Lilitoka. Sitasema lilitokaje.

Hospitali wakamkata juu kidogo ya kifundo cha mkono. Nilipomkuta wodini alikuwa amelalia shuka la kiwanda chetu. Nililijua kwa mikunjo. Mimi huwa naanzia kona ya kushoto.

Watoto wanataka kula. Nikaenda kwa meneja kudai fidia.

"Karibu, shemeji," akasema. Shemeji! "Pole sana. Lakini fidia ni ya mwajiriwa. Mzee ni mshirika, alitia saini."

"Ameumia kwenye mashine yenu!"

"Ndiyo, mashine ni ya kampuni. Lakini fimbo nani aliamua ifungwe?"

Nikainamisha kichwa, na hapo mezani, kando ya simu yake, nikaiona gundi ya bluu.

"Ah, hiki chenu," akasema bila hata aibu. "Nilikiokota kantini. Tumekisoma ofisi nzima. Tulikuwa hatujui mnataka nini hasa, kimetueleza vizuri. Mnataka kujiamulia. Tukawapa."

"Na mitambo?"

Akatabasamu. "Hiyo sura nayo tuliisoma."

Nikakichukua, nikaondoka. Nyumbani nikakifungua. Kimepigwa mistari ya kalamu toka mwanzo hadi mwisho, hata zile kurasa ambazo zikisomwa sisi tulikuwa tunasinzia. Nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira, zaidi hasira za vile vicheko vyetu.

Siku hizi namsomea mimi, yeye anasikiliza huku amegeukia ukutani. Ile sura ya mitambo ananiambia niirudie.

Nawaambia ninyi mnaosoma hapa: mkiambiwa leo mmekuwa wenye mali, msishangilie. Ulizeni kwanza mitambo ni ya nani, na anayewaambia asipojibu, msitie saini.

Jirani yangu bado anasema mambo hayo yamepitwa na wakati. Simbishii. Namwambia tu akawaulize wenye viwanda kama na wao wameacha kuyasoma.