Mkokoteni Ulioegeshwa Kwenye Barabara Isiyotambuliwa

Nilikuwa nimelala chali ndani ya korongo, gunia la maharage kifuani, gurudumu la mkokoteni linazunguka taratibu juu ya uso wangu, punda wangu wawili wananitazama kama mimi ndiye niliyewaangusha wao. Ndipo nikasikia sauti pale juu ukingoni.

"Shikamoo mama."

Nikaitikia marahaba. Hata ukiwa unakata roho, shikamoo lazima uiitikie, ndivyo tulivyolelewa huku.

Alikuwa mgambo wa maegesho, mtu mzima mwenye ndevu zake, kizibao cha kung'aa kifuani. Nikasema moyoni, Mungu amemleta anitoe. Kumbe ameletwa na halmashauri. Akatoa kitabu mfukoni, akalamba kidole, akafunua.

"Mama, umeegesha mahali pasiporuhusiwa."

"Nimeegesha?"

"Chombo kiko ndani ya eneo la barabara na hakitembei. Hayo ndiyo maegesho."

"Baba, mimi niko chini ya gunia."

"Nakuona, mama. Pole sana. Namba ya chombo?"

"Mkokoteni una namba gani? Punda mmoja ana alama sikioni."

Akaandika. Naapa aliandika. Kisha ndiyo akashuka kuniondolea gunia, na kwa hilo nashukuru, simnyimi haki yake. Lakini kabla ya kuondoka alinikabidhi karatasi ya faini, akapitisha mnyororo kwenye gurudumu, akaufunga kwa kufuli kwenye jiwe kubwa. Nikamwuliza nitautoaje mkokoteni uliofungwa. Akasema umefungwa ili usitolewe mpaka kesi iishe. Nikamwuliza na kosa langu ni nini. Akasema kosa ni kutoutoa.

Nilirudi nyumbani mfupa wa bega umevunjika. Nimepona, ila mkono huu mpaka leo haufiki kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini kueleza jambo lilivyoanza naweza. Ile barabara tuliichimba wenyewe kwa msaragambo, kila kaya na siku yake, wanaume na sululu, sisi wanawake na mawe kichwani. Kabla yake mgonjwa alibebwa kwa machela kutoka kwetu huku mlimani mpaka barabara kubwa ya kwenda Endasak. Tuliimaliza yote isipokuwa pale kwenye korongo, maji ya mlima yanaposhuka. Pale panataka kalavati, na kalavati haichimbwi kwa jembe. Mwenyekiti wa kijiji akaandika barua kuomba halmashauri iipokee barabara. Jibu likaja na mhuri: barabara hiyo haitambuliwi, haimo kwenye orodha, mhandisi atakuja aone kama ina uhitaji.

Sasa nataja wakosaji, na ninaanza na sisi wenyewe. Kwetu mgeni haonyeshwi uchafu. Tuliposikia mhandisi anakuja Alhamisi, Jumatano kijiji kizima kilikuwa barabarani. Tukafyeka nyasi. Tukajaza korongo mawe na udongo, tukashindilia mpaka pakawa kama sakafu. Mimi nilifagia. Nilileta ufagio wa nyumbani nikafagia barabara, na mwenyekiti akapita nyuma yangu akisema, "Pale mama, bado pana vumbi."

Mhandisi akaja, gari likapita juu ya korongo bila hata kupunguza mwendo. Tukampa chai na maziwa. Akasimama, akasema, "Wananchi, hongereni, barabara inapitika vizuri." Akaandika hivyo hivyo: inapitika, haina uhitaji. Na mimi nikapiga vigelegele! Mvua ya kwanza ikashuka na udongo wetu wote.

Mwaka uliofuata, tena mhandisi, tena sisi. Safari hiyo nilinyoosha mkono mkutanoni nikasema jamani, tuliache korongo alione.

"Mama," mwenyekiti akasema, "unataka mgeni avunje gari kwetu? Atatuonaje?"

"Ataona korongo."

"Huyu anataka tuaibike," mzee mmoja akadakia, watu wakacheka. Nikachukua ufagio.

Sheria ya maegesho ilikuja baada ya hapo, kwa tangazo lililobandikwa mtini: hakuna kuacha mkokoteni wala bodaboda kando ya barabara zote. Zote, yaani na ile isiyotambuliwa.

Mwaka huu mhandisi alitangazwa mara ya tatu, wiki moja baada ya mimi kuanguka. Jumatano watu wakaja na majembe, wakaukuta mkokoteni wangu ndani ya korongo, na mnyororo juu yake. Mwenyekiti akaja kwangu anatweta.

"Mama, toa chombo chako, mgeni anakuja."

"Kimefungwa na serikali, mwenyekiti. Mimi ni nani nikifungue?"

Mgambo, na ufunguo wake, alikuwa mnadani Basotu. Hawakuweza kujaza. Kwa mara ya kwanza mhandisi alisimamisha gari, akashuka, akachungulia chini, mwenyekiti pembeni yake anaona aibu kama amekutwa bila shati.

Mhandisi akauliza, "Nani ameegesha hapa?"

Hilo ndilo aliloliona! Nikampa karatasi zote mbili kwa mkono wangu mzima: nakala ya ile barua ya halmashauri inayosema barabara haipo, na ile inayosema nimeegesha juu yake. Akazisoma, akazisoma tena, akasema hizo ni idara mbili tofauti. Akapanda gari, akageuza.

Binti yangu ana mimba ya miezi saba, na zahanati iko ng'ambo ya korongo. Atapita pale kwa bodaboda katikati ya masika. Kwa hiyo nauliza, na mnijibu kwa majina ya vyeo vyenu. Wewe mhandisi uliyelichungulia korongo, wewe mgambo uliyeufunga mkokoteni humo, wewe mwenyekiti unayelifukia kila akija mgeni: siku hiyo bodaboda ikitumbukia, nani kati yenu atashuka kumtoa? Faini ya maegesho nitailipa siku nitakayojibiwa. Mkokoteni bado uko pale pale, na ufagio nimeuficha.